Kofia ya viua kwa mkono: mwongozo kamili, kuanzia bafta mpaka kalibuni

Kofia nyingi za kwanza huishia droo moja. Imebana, au duara la juu limevimba kama andazi, au viua vimechanika baada ya kufuliwa mara mbili. Mshonaji hulaumu mkono wake, na mara nyingi mkono hauna kosa. Kosa lilifanyika siku ya kwanza, kwenye kipimo, kabla hata kiua kimoja hakijatobolewa.

Uzi hula kitambaa. Kila kiua, yaani kitundu kilichozungushiwa uzi, huvuta bafta (kitambaa cha pamba) kidogo sana. Viua mia sita vikivuta pamoja, sentimita mbili za kichwa zimekwenda. Kwa hiyo hapa tunapima kwanza kiasi uzi utakachokula, ndipo tunachora.

Kofia inayoelezwa ni ile ya kawaida ya pwani: duara bapa juu, ubavu ulionyooka, bafta nyeupe safu mbili. Mifano yote inatumia kichwa cha sentimita 57. Weka namba zako.

## Anza lini

Mkono ambao haujazoea hutumia kama dakika tatu kwa kiua kimoja. Kofia ya viua 600 ni saa 30 za viua peke yake, bila kuchora, kubandi (kushikiza safu kwa mishono mirefu ya muda) wala kuunganisha. Ukishona saa moja kila usiku, hesabu miezi miwili na zaidi.

Anayetaka kuivaa Idi ya Mfunguo Mosi aanze Rajabu. Shaabani ikimkuta hajamaliza ubavu, asikimbize mkono: kati ya Idi hiyo na ile ya Mfunguo Tatu kuna siku kama 70, na viua vya haraka huonekana tokea mlangoni.

## Vifaa

- Bafta nyeupe ya pamba tupu, mita 1, upana wa sentimita 90. Iwe imefumwa kwa kubana. Iliyochanganywa na poliesta haifai: nyuzi zake huteleza na kitundu hakishiki umbo.
- Uzi wa kudarizi wa pamba wenye nyuzi sita, vifungu 6 vya mita 8. Nunua vyote siku moja, kwa namba moja ya rangi.
- Uzi mweupe wa pamba wa kufumia vitambaa, mnene, kwa ajili ya kujaza ndani.
- Sindano za kudarizi namba 8 au 9, na sindano moja butu ya kufumia sweta.
- Msharasi (chuma cha kutobolea) wa mviringo wenye ncha nyembamba. Ule wa fundi viatu wenye ndoana haufai, na sindano nyingi za gunia zina ncha bapa. Vyote viwili hukata nyuzi. Tunataka kuzisukuma kando, si kuzikata.
- Fremu ya duara ya sentimita 15, na ya sentimita 25 kwa duara la juu.
- Penseli ngumu (2H), rula, bikari, futi ya kitambaa, mkasi mdogo, subana.
- Unga wa wanga wa muhogo.
- Sufuria au kopo la duara lenye mzunguko sawa na kichwa. Hili ndilo kalibu.

Uzi ukiwa wa rangi, ujaribu kabla ya lolote. Lowesha kipande, kikandamize kwenye bafta nyeupe, acha kikauke. Ukiacha alama, rudisha dukani. Hakuna namna ya kuuokoa baadaye ukiwa umeshashonwa.

## Hatua ya 1: Fua bafta kabla ya kuikata

Bafta ya dukani ina wanga wa kiwandani na haijanywea. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka maji yasiteleze vidoleni, ianike, ipige pasi ikiwa na unyevu.

Ukiruka hatua hii kofia itanywea kichwani mwa mtu, tena uzi na kitambaa havitanywea sawa, na hapo mikunjo huja isiyoondoka kwa pasi yoyote.

Kisha kata. Upande mrefu wa ubavu ufuate mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na pindo la kiwandani, kwa sababu mtande haunyumbuki kama mshindio, yaani nyuzi zinazoukatiza:

- ubavu: vipande 2 vya sentimita 70 kwa 20
- duara: vipande 2 vya sentimita 33 kwa 33 (miraba, usikate mviringo)
- sampuli: vipande 2 vya sentimita 20 kwa 20

Vyote vinaenea kwenye mita moja. Tia alama ndogo ya mshale kwenye kila kipande kuonyesha mtande unakwenda wapi. Inaonekana jambo dogo mpaka utakapokuwa na miraba miwili mkononi isiyojulikana juu wala chini.

## Hatua ya 2: Sampuli

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua kama kofia itavaliwa.

Weka safu mbili za sampuli, mishale ikielekea upande mmoja. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10 katikati. Ndani yake shona kipande cha nakshi yako halisi: mifereji, uzi wa kujaza, viua, kwa msongamano uleule utakaotumia kwenye kofia. (Namna ya kushona iko hatua ya 5 na ya 6.) Kijaze mraba chote, si pembe moja. Kisha toa kwenye fremu, fua, kausha, piga pasi kwa nyuma.

Sasa pima mraba ule, kwa upande wa mtande na kwa upande wa mshindio. Tuseme sentimita 10 zimekuwa 9.6. Gawanya kila kipimo cha kofia kwa 0.96:

- mzunguko wa kichwa: 57 ÷ 0.96 = 59.4
- kimo cha ubavu: 9 ÷ 0.96 = 9.4

Ukipata 9.4 au 9.8, tumia yako. Usichukue namba ya mtu mwingine hata akiwa fundi wa Lamu, maana kila mkono una uzito wake wa kuvuta. Pande mbili zikitofautiana, tumia ya mtande kwa mzunguko na ya mshindio kwa kimo.

Kichwa chenyewe kipimwe pale kofia inapokaa: katikati ya paji la uso, juu ya masikio. Pima mara mbili. Futi ipite bila kubana, kidole kimoja kikiwa ndani.

Sampuli ina faida ya pili: inaonyesha uzi utakaotumika. Kiua kimoja cha wastani hula kama sentimita 10 hadi 12 za nyuzi mbili. Kifungu cha mita 8 hutoa mita 24 za nyuzi mbili, kwa hiyo hutosha viua kama 200. Cha kwako kikitosha 120 tu, nunua vingine leo, kabla rangi ile haijaisha dukani.

## Hatua ya 3: Chora ubavu

Anza na ubavu, usiguse duara bado. Duara hufuata ubavu. Ukivimaliza vyote pamoja utabaki unabahatisha vikutane.

Katikati ya kipande kimoja chora mstatili wa 59.4 kwa 9.4. Gawanya urefu sehemu 12 sawa, kila moja sentimita 4.95. Usipime 4.95 mara kumi na mbili, kwa kuwa kosa la nusu milimita litarudi kama nusu sentimita mwishoni. Gawanya katikati, kila nusu katikati tena, halafu kila robo sehemu tatu.

Chora ua moja kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi, liweke chini ya bafta dirishani, lifuatishe mara 12. Kila kiua kiwe duara la milimita 4, na kati ya ukingo wa kiua na jirani yake ibaki si chini ya milimita 2 za kitambaa. Pakipungua hapo, ukuta kati yao hukatika. Viua 30 kwa kila ua vinatosha: ubavu utakuwa na 360, na 240 vibaki kwa ajili ya duara.

Kalamu ya wino na karatasi ya kaboni ya ofisini havitoki. Penseli hutoka, kwa sharti kwamba hujaipitishia pasi. Pasi huikaza alama.

Ukifaulu: ua la kwanza na la kumi na mbili yana nafasi ileile hadi ukingoni, na ukikunja kipande ncha kwa ncha, mistari inakutana.

## Hatua ya 4: Bandi safu mbili

Weka kipande kilichochorwa juu ya kisichochorwa, mishale ikielekezana. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, kama miale, halafu mistari ya kukatiza kila sentimita 3. Ukianzia pembeni unasukuma ulegevu wa kitambaa katikati, nao hauna pa kutokea.

Safu moja ikiwa imegeuka robo, kofia itajipinda ikifuliwa. Hilo halirekebishiki.

## Hatua ya 5: Mifereji na uzi wa kujaza

Uzi wa ndani ndio mifupa ya kofia. Bila huo ubavu hulala, hata ukiuzamisha kwenye wanga.

Mfereji ni mistari miwili ya mshono iliyoachana milimita 3. Shona kwa kurudi nyuma (kila mshono ukirudi kukutana na uliotangulia), nyuzi mbili, mishono ya milimita 2. Ubavu unahitaji mfereji mmoja juu na mmoja chini, na 12 ya wima, mmoja mmoja katika kila mpaka wa maua. Mfereji wa wima usimame pale unapokutana na wa mlalo, usiukate.

Tunga uzi mnene kwenye sindano butu. Ingia kwa safu ya nyuma, ukipenya kati ya nyuzi bila kuzichana, pita ndani ya mfereji, tokea mwisho. Acha mkia wa milimita 3, kisha nyoosha kitambaa kwa vidole. Mkia utazama wenyewe.

Kwenye mifereji mirefu ya mlalo sindano haifiki mwisho kwa mara moja. Toka nyuma kila baada ya sentimita 10 na urudi kwenye tundu lilelile. Ncha zote mbili ziachie sentimita 5 zikining'inia. Zitakatwa ubavu ukifungwa.

Onyo: ukivuta uzi wa kujaza ukakaza, ubavu utakunjamana. Baada ya kila mfereji unyooshe kitambaa kwa viganja viwili.

Ukifaulu: mfereji umetuna pande zote mbili sawa, na ukisimamisha kipande mezani kwa kukikunja duara, kinasimama kwa sekunde chache bila kushikwa.

## Hatua ya 6: Viua

Sasa kazi yenyewe. Wazoefu wengi hushikilia kofia mkononi bila fremu, na wana haki, kwa kuwa safu mbili zilizobandiwa tayari ni ngumu kiasi. Anayeanza atumie fremu. Zungusha utepe wa pamba kwenye pete ya ndani ili bafta isiteleze, na uitoe kila usiku. Fremu ikilala na kitambaa huacha duara lisilofutika kirahisi.

Tumia nyuzi mbili kati ya sita. Zichomoe moja moja, halafu uziunganishe tena. Ukichomoa mbili kwa pamoja zitasokotana. Urefu wa uzi usizidi sentimita 45. Mrefu zaidi hukwaruzwa kila unapopita tunduni, na kufikia kiua cha tano umeshachakaa.

1. Anza bila fundo. Ingiza sindano kati ya safu mbili, sentimita 2 kabla ya kiua, tokea kwenye mstari. Mkia unabaki umefichika ndani.
2. Zungusha bandi ndogo kwenye duara la milimita 3, ndani kidogo ya mstari wa penseli. Mishono 8 inatosha. Hii ndiyo nguzo: ndiyo inayozuia nyuzi za bafta kuchomoka.
3. Toboa katikati kwa msharasi, kutoka juu. Sukuma taratibu mpaka tundu lifike milimita 2, zungusha, chomoa. Usitoboe viua vingi kwa mpigo, kwa sababu hujifunga kabla hujavifikia.
4. Tokea kwenye mstari wa nje, shuka kupitia tunduni. Vuta uzi kuelekea nje ya kiua, si juu. Hapo tundu hufunguka.
5. Endelea kuzunguka, mshono kando ya mshono, 14 hadi 16 kwa kiua. Geuza kazi, usigeuze mkono. Mkono ukibaki upande mmoja, mishono yote hupata uzito mmoja.
6. Ukimaliza, pitisha sindano chini ya mishono mitatu upande wa nyuma. Rudisha msharasi tunduni mara moja kuliweka duara.

Kiua kinachofuata kikiwa ndani ya sentimita 1, hamia kwa kupita kati ya safu mbili. Kikiwa mbali zaidi, kata uzi uanze upya. Uzi mrefu uliopita nyuma huonekana kama kivuli kofia ikielekezwa mwangani.

Tundu likiwa la yai badala ya duara, ulivuta kwa nguvu zisizo sawa: upande uliovutwa zaidi ndio uliopanuka. Tundu likijaa manyoya, msharasi ulikata au bandi ya nguzo iliachwa mbali mno. Likiwa limeziba, mishono imezidi. 20 kwenye duara la milimita 4 ni mingi. Na uzi ukisokotana kila dakika, achilia sindano ining'inie, itajizungusha na kuufungua.

Usishone mistari yote ya upande mmoja kwanza. Maliza ua la 1, halafu la 7, la 4, la 10. Mkono hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, nawe hutaki mabadiliko hayo yaonekane kama mteremko kutoka kisogoni hadi usoni.

Ukifaulu: ukiinua kipande mbele ya taa, unaona nukta za mwanga za ukubwa mmoja, na hakuna uzi uliokatiza ndani ya tundu lolote.

## Hatua ya 7: Fua, pima, funga ubavu

Toa bandi. Fua kwa maji ya vuguvugu mpaka penseli itoke, kausha kivulini kikiwa kimetandazwa, kisha piga pasi kwa nyuma juu ya taulo ili nakshi isibonyee.

Pima tena. Kikitoka 57 au karibu sana, kata ukiacha sentimita 1 kila ncha na upande wa juu, na 1.5 upande wa chini. Kikiwa 56.5, sogeza mshono nje kidogo kwenye ule ukingo. Kikiwa 58, sogeza ndani. Kofia husamehe nusu sentimita, sentimita moja haisamehi.

Shikiza ncha kwa pini na uivalishe kabla ya kushona. Ikikaa vizuri, unganisha kwa kurudi nyuma, kata zile ncha za uzi wa kujaza zikutane bila kupandana, fungua mshono wa ndani uulaze pande mbili. Kunja pindo la chini mara mbili, ushone kwa mishono isiyoonekana nje.

## Hatua ya 8: Duara

Pima mzunguko wa juu wa ubavu uliokwisha fungwa. Ukiwa 57, kipenyo ni 57 ÷ 3.14, yaani 18.2. Gawanya kwa 0.96 upate 19. Chora duara la kipenyo hicho kwa bikari katikati ya mraba.

Usiibane bikari. Ikiwa bado kwenye nusu-kipenyo kilekile, tembea nayo juu ya mstari: itaugawa sehemu 6 kamili. Gawanya kila moja mara mbili upate 12, zikutane na maua 12 ya ubavuni.

Bandi, mifereji na viua ni kama hapo juu, viua 20 kwa kila kipande. Mifereji hapa ni miduara miwili, mmoja sentimita 1 kutoka ukingoni, mwingine wenye nusu-kipenyo cha sentimita 3. Kwenye mzunguko toka na uzi wa kujaza kila sentimita 4 na uache kitanzi kidogo nyuma. Duara linalovimba kama andazi karibu kila mara ni uzi wa ndani uliokazwa.

Fua, piga pasi, ndipo ukate mviringo, ukiacha sentimita 1. Ukikata mapema, kingo zilizo mshazari hunyumbuka na duara hugeuka yai.

## Hatua ya 9: Unganisha

Kata kadibodi ya duara, kipenyo sentimita 18.2. Piga bandi nusu sentimita kutoka ukingo wa kitambaa, weka kadibodi nyuma, vuta uzi kitambaa kikumbatie, piga pasi, toa kadibodi. Sasa una ukingo safi.

Kunja ukingo wa juu wa ubavu kwa ndani. Tia alama robo nne kwenye duara na kwenye ubavu, zishikize kwa pini kwanza, halafu sehemu zilizobaki. Shona kwa kuzungushia kingo mbili, mishono kama 10 kwa kila sentimita 2, ukikamata safu zote nne.

Duara likizidi ubavu kwa milimita chache, gawa ziada hiyo kwenye robo zote. Usiisukume yote kwenye mshono wa nyuma ukitumaini haitaonekana.

## Hatua ya 10: Wanga na kalibu

Koroga kijiko kimoja cha chakula kilichojaa cha wanga wa muhogo katika robo kikombe cha maji baridi. Mimina nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga, pika mpaka uwe angavu, chuja kwa kitambaa. Bonge moja lisilochujwa huziba viua vitano.

Ukiwa vuguvugu, zamisha kofia, ikamue kwa viganja bila kuisonga. Pitisha msharasi kwenye kila kiua kilichoziba. Funika kalibu kwa mfuko wa plastiki, ivalishe kofia, nyoosha maua yawe wima, iache kivulini mpaka ikauke kabisa. Juani wanga hupasuka.

Ikibaki laini, rudia mara ya pili kwa wanga uleule mwepesi. Wanga mzito wa mara moja huacha unga mweupe kwenye nakshi.

Idi ikipita na kofia haitavaliwa hivi karibuni, ifue wanga wote utoke kabla ya kuiweka kabatini. Mende hawali pamba. Wanakula wanga, na viua huenda navyo.